Kona ya Maswali: Kaka yake kafa na anasema haendi kumzika, kisa mgomo wa 1984

SWALI LA KWANZA

Shikamoo anko. Mimi niko Uingereza mwaka wa sita sasa, mji unaitwa Worksop, nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani kwao, asubuhi nyumba nne jioni nyumba tatu. Kuna mzee wangu mmoja ana miaka 81, alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe, nampenda kwa kweli, mcheshi, ananiita duck yani bata, mwanzoni nilinuna nikajua ananitukana kumbe huku ni kama sisi tunavyosema mama au mpenzi.

Sasa juzi Jumatatu nimefika nikamkuta kakaa na bahasha mkononi, barua ya mtoto wa kaka yake kwamba kaka mtu kafariki na maziko ni Alhamisi ya wiki ijayo. Nikampa pole, nikamwambia nitaongea na ofisi wanibadilishie zamu nimpeleke mwenyewe. Akaniangalia akasema haendi. Nikauliza kwa nini, akasema neno moja tu, scab, akaiweka ile barua chini ya kikombe cha chai mpaka ikalowa. Anko, huyo kaka yake alikuwa anakaa kituo cha pili cha basi. Kituo cha pili! Na muda wote nimemhudumia sijawahi kumsikia hata siku moja akimtaja. Jirani akaninong'oneza ni mambo ya mgomo wa migodi wa 1984, mmoja aligoma mmoja akaenda kazini, akaniambia hayo mambo usiyaguse. Mimi 1984 hata sijazaliwa. Mgomo gani huu wa kufanya mtu asimzike ndugu yake wa tumbo moja? Na je nimshawishi aende?

Dada wa Worksop

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole na kazi, kuogesha wazee wa watu kwenye baridi ile sio kazi ya kubeza. Tulikujibu kwa meseji siku ileile maana Alhamisi haingoji jarida litoke, hapa naandika kwa kirefu kwa sababu baada ya kuwaonjesha wasomaji kidogo toleo lililopita zimeingia barua zingine mbili za mgomo huohuo.

Kabla ya yote, hapo ulipo ndo mahali pagumu kuliko pote kwa habari hii. Worksop iko mkoa wa Nottinghamshire lakini imepakana na mkoa wa Yorkshire, na mgodi wa hapohapo mjini, Manton, kwa mambo ya chama cha wafanyakazi ulihesabiwa ni wa Yorkshire. Sasa Yorkshire waligoma, Nottinghamshire wengi wakaendelea na kazi. Kwa hiyo mtaa uleule, huyu anashuka mgodi huu ndugu yake anashuka mgodi wa maili chache tu kutoka hapo, asubuhi moja mwezi wa tatu mmoja kabaki nyumbani mwingine kavaa buti katoka na kopo lake la chakula. Watu wa mbali wanaujua ule mgomo kama vita ya wachimbaji na waziri mkuu wa wakati ule, Margaret Thatcher, na kweli ilikuwa hivo, ila huko kwenu ilikuwa vita ya ndani ya nyumba.

Ilianzaje. Tarehe 1 Machi 1984 wachimbaji wa Cortonwood, Yorkshire, waliambiwa mgodi wao unafungwa, na kati yao walikuwemo waliohamishiwa pale muda mfupi tu nyuma kutoka mgodi mwingine uliofungwa, wameambiwa njooni huku kazi ipo. Siku tano baadaye shirika la umma la makaa, National Coal Board, likatoa mpango mzima, migodi 20 hivi na ajira kama 20,000. Yorkshire wakatoka, Scotland wakatoka, Kent, Wales Kusini, na tarehe 12 Machi rais wa chama chao cha NUM, Arthur Scargill, akaita nchi nzima. Scargill alikuwa anasema hao 20 ni geresha, kuna orodha ya migodi zaidi ya 70. Serikali ikakataa katakata, bosi wa shirika Ian MacGregor akawaandikia wachimbaji barua mpaka majumbani kwao kwamba huo ni uongo. Basi Januari 2014 nyaraka za serikali zikafunguliwa na ndani yake imeandikwa migodi 75 kwa miaka mitatu. Fikiria mzee wako, miaka 30 anaambiwa Scargill aliwadanganya, halafu karatasi inatoka na yeye ana miaka sabini.

Serikali nayo ilikuwa imejipanga, tusidanganyane. Mwaka 1974 wachimbaji waligoma, waziri mkuu Edward Heath akaitisha uchaguzi na akaanguka, na Thatcher alikuwa waziri kwenye serikali hiyohiyo, aliona kwa macho yake. Alipokuja kuwa mkubwa yeye makaa yakarundikwa kwenye mitambo ya umeme kabla ya siku ya siku, na mgomo wenyewe ukaanza mwezi wa tatu, baridi inaelekea kuisha, nani ana shida na makaa? Kwa mtazamo wangu hapo wagomaji walishajichanganya mapema, ingawa kusema kweli hawakuchagua wao siku ya kufungiwa Cortonwood.

Sasa neno la mzee. Scab ni gaga, lile ganda linalokauka juu ya kidonda. Sisi tungesema msaliti lakini msaliti ni mtu mzito, Yuda alikuwa msaliti, gaga ni uchafu wa kubandua kwa kucha ukatupa. Lilipakwa kwa rangi kwenye kuta na kwenye milango ya watu, mtoto anaitwa hivo uwanjani shuleni, mke akiingia dukani wenzake wanageuka kuangalia maboksi ya sabuni. Na halina tarehe ya kuisha. Mtu kagoma miezi kumi na moja, watoto hawana viatu, kashindwa karudi kazini wiki mbili kabla mgomo haujafa, naye ni gaga tu.

Wewe umekulia kwetu unajua kutengwa. Asiyeonekana kwenye misiba ya wenzake siku akifiwa anachimba kaburi na wanawe wawili, na kijiji kizima kinapita barabarani kinaangalia mbele. Wachimbaji walikuwa na sheria yao kama hiyo na haikuandikwa popote, kwa sababu kule chini, mita mia kadhaa chini ya ardhi, paa likianza kulia anayekuita utoke ni mwenzio, ukifukiwa anayekufukua ni mwenzio. Wakitoka wanatoka wote wakiingia wanaingia wote. Ukienda kazini wenzio wakiwa nje, wao hawakusikia "nimevunja mgomo", wao walisikia "siku paa likikuangukia nitaangalia mshahara wangu kwanza". Sisemi ndivyo alivyomaanisha kaka mtu, marehemu pengine alimaanisha ana deni la nyumba, nasema ndivyo ilivyosikika.

Na mambo yenyewe hayakuwa maneno matupu. Tarehe 15 Machi, mgomo wa nchi nzima una siku tatu tu, mchimbaji kijana kutoka Yorkshire alikufa kwenye vurugu za usiku za Ollerton, sio mbali na hapo kwako, alikwenda kuzuia wa Nottinghamshire wasiingie kazini. Kwa watu wa Yorkshire damu ilishamwagika getini kwa jirani. Wanaoenda kazini wakawa wanapelekwa kwa mabasi yenye nyavu za chuma madirishani, polisi pande zote mbili kama wanasindikiza rais, na ndani ya basi watu wameinamisha vichwa wasijulikane, ila mji mdogo, kofia tu inamtaja mtu. Upande wa pili nao, Novemba 30 huko Wales Kusini wagomaji wawili waliangusha bonge la zege kutoka darajani juu ya teksi iliyokuwa inampeleka mchimbaji mmoja kazini, dereva akafa. Dereva tu wa teksi, hana mgodi hana chama.

Ukimuona mzee anazima TV polisi wakitokea usishangae pia. Waliokamatwa kwenye ule mgomo ni zaidi ya 11,000. Tarehe 18 Juni 1984 pale Orgreave, nje kidogo ya Sheffield, farasi wa polisi waliwaingilia wagomaji waliokuwa uwanjani wengine wamevua mashati kwa joto, 95 wakashtakiwa kwa fujo kubwa ambazo mtu angeweza kufungwa maisha, na mwaka uliofuata kesi zikaanguka mahakamani kwa sababu ushahidi wa polisi haukusimama. Julai 2025 ndo serikali ilitangaza uchunguzi rasmi, kwa hiyo habari ikarudi kwenye redio na magazeti na vidonda vikawasha upya.

Mgomo ulikwisha tarehe 3 Machi 1985, wajumbe walipiga kura 98 kwa 91 warudi, bila makubaliano yoyote, hakuna karatasi iliyosainiwa. Jumanne yake wakarudi wanaandamana na bendi na mabango ya chama, Maerdy kule Rhondda mgodi mzima walitoka pamoja na wakarudi pamoja, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameingia, hao walau walikuwa na hicho. Kwenu huko walirudi kukaa kizimba kimoja cha kushukia shimoni na mtu aliyekuwa anapita kwenye basi la nyavu. Na kuna kitu kimoja naomba ukifikirie vizuri. Bafu za mgodini. Mchimbaji akitoka ni mweusi tii na mkono haufiki mgongoni, kwa hiyo desturi yao ilikuwa unamsugua mwenzio mgongo naye anakusugua wako, miaka yote, bosi na kijana, hawaoneani haya. Aliyetengwa hapati wa kumsugua. Anatoka hapo kajiosha mwili wote na mgongo una masizi, anakwenda nao hivohivo kwa mkewe.

Kwa hiyo nimshawishi aende? Hapana mwanangu. Mwambie tu Alhamisi zamu umeshabadilisha na gari lipo, mara moja, halafu nyamaza. Usimuulize "je wewe ungekuwa na watoto watatu ungefanyaje", hilo swali alishaulizwa na marehemu mwenyewe nadhani. Ukitaka kumuuliza kitu muulize kabla ya 1984, nani alimfundisha baiskeli, nani alimpeleka mgodini siku ya kwanza, maana mara nyingi ni kaka ndo alimtafutia mdogo wake kazi. Na ile barua iliyolowa usiitupe, ianike juu ya hita.

SWALI LA PILI

Mzee wa Kona habari za siku. Mimi ni msomaji wako wa Mbinga, Ruvuma, huku malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yanapita usiku na mchana vumbi juu ya vumbi. Nimesoma kidokezo chako toleo lililopita nikajiuliza, sisi mtu akikaa mwezi bila mshahara mwenye duka anafunga daftari la mkopo, hao mwaka mzima walikula nini? Na huko si serikali inalipa watu wasio na kazi?

JIBU

Ndugu yangu wa Mbinga umegusa penyewe, na ndo maana wanawake wa ule mgomo wana mengi ya kusema kuliko waume zao.

Serikali inalipa ndio, lakini kulikuwa na sheria ya mwaka 1980 iliyosema hivi: aliyegoma mwenyewe hapati kitu, mkewe na watoto wanaweza kupata posho, ila kwenye hiyo posho tunakata pauni 15 kwa wiki kwa sababu tunahesabu kwamba chama kinampa. Chama chenyewe, NUM, hakikuwa kinatoa hela ya mgomo. Yani unakatwa pesa ambayo hujapewa. Kijana asiye na mke wala mtoto, sifuri kabisa, anakula kwa mama yake, na mama yake mume pia kagoma. Halafu mwezi wa kumi mahakama ikashika mali za chama chenyewe, kwa hiyo hata mfuko mkubwa ukafungwa.

Ndo wakaja kina mama. Karibu kila kijiji cha mgodi kilikuwa na ukumbi wa wachimbaji, mahali pa kunywa bia na kucheza bingo na harusi, sasa ukageuka jiko la pamoja. Asubuhi mabeseni ya viazi, wanamenya huku wanapiga umbea, mchana watu mia mbili mia tatu wanakula kwa zamu, watoto wa shule kwanza. Ijumaa kuna mfuko wa chakula kwa kila nyumba: viazi, mkate, makopo ya maharage, majani ya chai, sukari, wiki nzuri kuna kuku. Vitu vilivyokopwa vikaanza kurudi dukani, gari likauzwa, pete ya ndoa ikauzwa, watu wakachoma viti vya zamani kwenye meko. Hapo ndo kuna kejeli kubwa, kwa sababu mchimbaji alikuwa anapewa makaa yake ya nyumbani kama sehemu ya mshahara, lori linamwaga mlangoni, na mgomo ulipoanza hayo nayo yakakatika. Wachimbaji wa makaa nyumba za baridi! Basi watoto na wazee wakawa wanakwenda na ndoo na vigari vya watoto wachanga kuokota vipande kwenye vilima vya taka za mgodi na kwenye tuta za reli, wanachimba kabisa. Novemba 1984 kule Goldthorpe, Yorkshire, ndugu wawili, mmoja miaka 15 mwingine 14, walifukiwa na udongo wakichimba makaa ya kupasha nyumba moto, wakafa wote wawili.

Nilikuwa nimepanga niandike kidogo hapo nimeacha.

Kina mama hawakuishia jikoni. Mei 12 mwaka huo walijaa Barnsley maelfu kwa maelfu, Agosti 11 wakaandamana London, wanawake ambao mwaka mmoja nyuma kushika maikrofoni kanisani tu walikuwa wanatetemeka sasa wanahutubia mikutano Ulaya nzima kuchangisha. Wakaenda na magetini, wakakamatwa, wakalala mahabusu, mume kabaki nyumbani anapika na kuunguza. Ndoa zingine zikapata nguvu mpya, na zingine zikafa maana mama hakutaka tena kurudi kuwa yule wa zamani na baba alikuwa anamsubiri yule wa zamani. Na chama? Mgomo ukaisha, kina mama wakaomba wapokewe kama wanachama washirika, chama kikawakatalia. Mwaka mzima wamekilisha. Mimi ni mtu mzima na bado hilo linanikera.

Misaada ilitoka pande ambazo hukuzitegemea. Chama cha wafanyakazi cha Ufaransa, CGT, kilileta chakula na midoli ya Krismasi kwa watoto. Kundi la watu wa mapenzi ya jinsia moja wa London lilizungusha ndoo za michango kwa ajili ya bonde la Dulais, Wales Kusini, wachimbaji wenyewe walianza kwa kuona aibu kupokea, mwaka 1985 wakapanda mabasi na bango lao la chama wakaenda kuandamana nao London, mbele kabisa ya maandamano. Watu walikuwa wanasimama nje ya masoko na vituo vya treni wanaomba makopo, ukipita unaacha kopo moja la nyanya.

Lakini angalia na hili la jiko, ndugu yangu, maana linarudi kwenye swali la dada yetu. Jiko ni la wagomaji. Nyumba ambayo baba kaenda kazini mtoto wake haingii pale, na mtoto huyo jana alikuwa anacheza na hao waliomo ndani. Dada wawili wameolewa na wachimbaji wawili, mmoja yuko jikoni anamenya viazi vya watu mia tatu na mwingine yuko nyumbani kwake friji imejaa, na mama yao mzazi anaishi katikati na hajui Jumapili amwalike nani. Kuna bibi waliopika chakula cha Krismasi mara mbili, saa sita kwa hawa na saa kumi kwa wale.

SWALI LA TATU

Mzee mimi niko Mombasa, na sikubaliani na wewe hata kabla sijamaliza kusoma. Mtu ameenda kazi atafutie watoto unga, mnamwita gaga? Baba yangu aliwahi kuenda kazi siku za mgomo na akapigwa, mkono wake mmoja haunyooki mpaka wa leo. Hao wa Nottinghamshire walikosa nini haswa? Waseme wazi.

JIBU

Mpe mzee salamu zangu na pole. Na hujakosea, upande wao una kesi na mimi nitausema hapa vizuri kabisa maana toleo lililopita niliupita mbio.

Kesi yao ni kura. Katiba ya NUM ilitaka kura ya nchi nzima kwa mgomo wa nchi nzima, na kura hiyo haikupigwa. Kati ya 1982 na 1983 wanachama walishapiga kura za namna hiyo mara tatu na wakakataa kugoma, kwa hiyo uongozi wa Scargill ukapita mlango mwingine, kila eneo ligome kivyake na mengine yafuate. Hoja yao ilikuwa na uzito kidogo, kwamba mtu aliye kwenye mgodi salama hana haki ya kupiga kura ya kuiuza kazi ya mwenzake. Ila Nottinghamshire walipiga kura yao wenyewe katikati ya Machi, karibu robo tatu wakasema hapana. Na kabla hata hawajamaliza kupiga, magari ya wagomaji wa Yorkshire yalishafika magetini kwao kuwazuia na kuwatukana. Mtu mwenye akili zake anakuuliza, mnataka niwafuate halafu hamnipi hata karatasi ya kupigia kura? Kura ingepigwa. Pengine Scargill angeshinda, na hata angeshindwa mzee wa Worksop leo angekuwa na kaka.

Pesa nayo isifichwe. Migodi ya Nottinghamshire ilikuwa na matabaka mazito ya makaa, mashine mpya, na tangu mwisho wa miaka ya 70 kulikuwa na bonasi inayolipwa kwa tani, kwa hiyo wao walikuwa wanapata vizuri kuliko mwenzao wa Wales anayejikunja kwenye upenyo wa makaa usiofika kiunoni. Waliamini migodi yao haiguswi. Na wana historia yao, mwaka 1926 kwenye mgomo ule mwingine mkubwa walirudi kazini mapema wakaunda chama chao chini ya George Spencer, na 1984 kulikuwa na vikongwe waliokuwa wanakuonyesha kwa kidole nyumba ipi ilirudi 1926 na ipi haikurudi. Hiyo ni miaka 58!

Serikali ikawalinda, tena sana. Polisi kutoka kila pembe ya nchi wakamwagwa Nottinghamshire, magari ya wachimbaji wa Kent yakazuiwa kwenye handaki la Dartford karibu na London, umbali wa masaa matatu kutoka kwenye geti lolote la Nottinghamshire, rudini kwenu la sivyo tunawakamata. Sasa ukiwa wewe ndo unaenda kazini ulinzi huo unaufurahia na pia unakuaibisha, maana unajua aliyeutuma anamwita ndugu yako adui wa ndani, Thatcher alilitumia neno hilo Julai ya mwaka ule.

Wanaosahaulika kabisa ni wachache waliogoma hukohuko Nottinghamshire. Wale kwao kila kitu kilikuwa kinyume, mtaa mzima unaenda kazini, wewe na watu kumi mko nje, vioo vinavyovunjwa ni vyako. Hao walishika mwaka mzima bila hata ule utamu wa kuwa wengi.

Walioenda kazini wakajitenga wakaunda chama chao mwaka 1985, UDM, wakiamini serikali itakumbuka fadhila. Oktoba 1992 serikali ikatangaza kufunga migodi 31 kwa mpigo na ya Nottinghamshire ilikuwemo kibao. Hawakuamini. Mgodi wa mwisho wa Nottinghamshire, Thoresby, ulifungwa Julai 2015, na wa mwisho wa shimo refu Uingereza nzima, Kellingley wa Yorkshire, Desemba ya mwaka huohuo. Miezi mitano tu, aliyeenda kazini na aliyegoma. Hata mtambo wa mwisho wa umeme wa makaa nchini humo, uliozimwa tarehe 30 Septemba 2024, ulikuwa Ratcliffe-on-Soar, Nottinghamshire.

Kwa hiyo ndugu yangu mimi simwiti baba yako jina lolote. Ila sitamwambia na yule wa Worksop kwamba hasira yake haina maana, yeye alikaa mwaka mzima akila viazi vya kugawiwa huku kaka yake, kituo cha pili, ananunua gari. Hata kama gari lenyewe lilikuwa bovu.

TULIPOKUWA TUNAFUNGA UKURASA

Dada wa Worksop ameandika tena, naweka kama alivyotuma:

"Anko hakwenda. Asubuhi nilipofika aliniomba nimpigie pasi shati jeupe na nimtafutie tai nyeusi, nikajua tunakwenda, nikawasha gari kabisa lipate joto. Akavaa, akakaa kwenye kiti chake, akawasha mbio za farasi. Saa tano na nusu ndo ilikuwa muda wa maziko, akapunguza sauti ya TV, saa sita akaongeza. Hakuvua tai mpaka namletea chakula cha jioni. Wakati natoka akaniuliza kama najua waliandaa nini, nikamwambia sijui, akasema kaka yake alikuwa hali tango, akiweka tango kwenye mkate analitoa, basi. Barua nimeianika, imekauka ila wino umetapakaa, ameiweka kwenye droo ya vijiko."